Karatasi ya Ishirini na Saba

Kanuni za kazi yangu nazijua kwa moyo.
Nilizitilia sahihi chuoni Shanzu
kwa kalamu ya kuazima.
Sijapokea bahasha ya mzazi,
sijauza mtihani, sijamgusa mwana wa mtu,
sijaingia darasani nimelewa,
ingawa mshahara nao hulewesha
kwa kuchelewa kwake.
Nilijiona kanzu ya Idi.

Hakuna kifungu kinachotaja mahamri.

Jumatano ile, Kisauni, njia ya Mlaleo,
niliketi kwa Bi Saumu kabla jua halijakaza:
mbaazi za nazi, chai ya rangi,
na insha sitini na nane za darasa la saba
nimezifunga uzi, nimezilaza benchini.
Kengele ikaikumbusha miguu,
ikaisahau mikono.

Saa nne nikarudi mbio.
"Kumbe zako? Nalidhani za kutupwa, mwalimu.
Basi nimetumia moja tu.
Mahamri matano, kijana wa bodaboda,
kashika njia ya Bombolulu."

Moja tu.
Nikahesabu mara tatu, kama mwenye duka
aliyepungukiwa na shilingi.
Nambari ishirini na saba, Nyevu Mwadzaya,
dawati la dirishani, sare ya dada yake,
mtoto asiyenyoosha mkono.

Usiku nikasahihisha zote.
Nilipofika kwake nikaandika
ishirini na nane juu ya arubaini.
Alama ya adabu hiyo:
haimlizi mtoto,
haimwiti mzazi shuleni,
haiulizwi na mtu ilikotoka.

Ijumaa nikarudisha karatasi.
Nyevu akangoja wenzake watoke.
"Yangu, mwalimu?"
"Iko ofisini."
Akasimama, kidole kikichora duara mezani.
"Pale nilipoandika habari za baba,
hapakuwa na makosa?"
Nami, mwalimu wa lugha miaka kumi na tisa,
nikasema, "Palikuwa pazuri sana."

Akatabasamu.

Nimechapwa na mengi mjini humu,
kodi, homa, jua la Machi,
hakuna lililonichapa kama meno yale,
jino moja la pembeni bado linachomoza.

Mwalimu mkuu, Bi Zuwena, aliinua miwani.
"Ishirini na nane inamtosha. Nani atajua?"
Akarudi kwenye hesabu za uji.
Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto elfu moja
na choo kimoja kimeziba.

Jumatatu nikamwita Nyevu uani,
karibu na tangi la maji, watu watuone.
Nikamwambia: benchi, uzi, mahamri, bodaboda,
nikamwambia ishirini na nane niliitunga,
na lile neno "pazuri" nililitunga pia.
Sikulia. Si haki mtoto abebe
na machozi ya mwalimu juu yake.

Akanyamaza kitambo.
"Kwa hiyo hukuisoma."
"Sikuisoma. Iandike tena, nitakaa nawe,
hata kama ni wiki nzima."
Akatazama bomba linavyodondoka.
"Siwezi, mwalimu. Ilikuja mara moja.
Siku ile ndiyo nilikuwa najua kuisema."

Kisha akauliza, si kwa hasira,
kama mtu anayeuliza bei:
"Yule wa bodaboda, unadhani alisoma?"

Nilifuta ishirini na nane.
Kisanduku chake kitupu daftarini,
pembeni sahihi yangu na tarehe,
na maneno matatu: Nilipoteza mimi, mwalimu.
Mkaguzi akija atauliza. Na aulize.

Ni miaka sasa. Nyevu yuko Voi, nasikia, anauza dawa.
Mimi bado napita kwa Bi Saumu,
na kila nikifungiwa mahamri
huyatoa kwanza, nikainyoosha karatasi gotini,
mafuta yakinilowesha suruali,
nikasoma mstari kwa mstari
risiti, tangazo la kiwanja, hesabu za mtoto wa mtu.
Chai hupoa.
Sijaiona.